Bartle Frere: mjumbe aliyekuja Unguja mwaka 1873, na deni letu sisi wenyewe



Ndugu zangu katika imani, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa ukaelekea Kisauni, utafika mahali panapoitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya zamani iliyosimama pale mpaka leo, na mtaa ule unaitwa Freretown. Maelfu ya Waislamu wanalitamka jina hilo kila siku wakipanda na kushuka magari. Wachache wanajua kwamba Frere ni mtu, na kwamba mtu huyo ndiye aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1873 kwenda kwa Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, kumtaka apige marufuku biashara ya watumwa.

Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu kila inapoguswa historia ya utumwa kwenye ukurasa huu, yanazuka makundi mawili. La kwanza linasema Mzungu alikuja kwa huruma akatukomboa kutoka kwa Waarabu na Waislamu. La pili linasema hayo yote ni uongo wa wamishonari, hapakuwa na soko wala minyororo. Mimi siko na kundi lolote kati ya hayo. Suratul Maida aya ya 8 inatuamrisha tusimame na uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na uadilifu huo una pande mbili: tumpe Frere haki yake, na tujihesabu sisi wenyewe. Basi kaa kitako, soma polepole. Ni ndefu kidogo.

Henry Bartle Frere alizaliwa mwaka 1815 huko Wales. Alisomeshwa katika chuo cha Haileybury, ambacho Kampuni ya Mashariki ya India ilikiweka kuwaandaa vijana wake wa utawala, na mwaka 1834 akapelekwa Bombay akiwa kijana wa miaka 19. Wakati huo India haikuwa chini ya serikali ya Uingereza moja kwa moja. Ilikuwa chini ya kampuni ya biashara yenye jeshi lake, mahakama zake na ushuru wake. Vijana kama Frere walikuwa makarani wa kampuni hiyo, na hapo hapo walikuwa watawala wa mamilioni ya watu.

Mwaka 1847 aliwekwa kuwa mwakilishi wa Kampuni kwenye dola ndogo ya Satara. Mwaka uliofuata Raja wa Satara alifariki bila mtoto wa kumzaa, ila alikuwa na mtoto wa kulea, na kwa mila za Wahindu mtoto wa kulea anarithi. Frere aliwaandikia wakubwa wake kwamba haki ni kumtambua yule mrithi. Wakubwa walikataa, wakaimeza Satara nzima. Kisha wakamteua nani kwenda kuitawala? Frere yule yule. Akakubali.

Shikilia tukio hilo akilini, ndugu yangu. Linaeleza sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuwa mtu asiyejua haki. Alikuwa anaijua, anaiandika kwa lugha nzuri, halafu inapokataliwa anabaki kazini.

Kutoka hapo alipelekwa Sindh, nchi ya Waislamu, ambayo leo ni sehemu ya Pakistan. Sindh ilikuwa chini ya Maamiri wa ukoo wa Talpur. Walikuwa na mikataba na Waingereza, lakini mwaka 1843 Jenerali Charles Napier aliwavamia na kuichukua nchi yao. Frere alifika mwaka 1850 akiwa Kamishna Mkuu na akakaa mpaka 1859. Hapa lazima tuseme ukweli: aliijenga. Bandari ya Karachi, ambayo ilikuwa mji mdogo, aliisukuma mpaka ikaanza kuwa bandari kubwa. Reli ilianza kujengwa. Mwaka 1852 alitoa stempu za posta za kwanza katika bara zima la Asia. Jengo la Frere Hall bado liko Karachi hadi leo.

Lakini jambo linalonigusa zaidi mimi ni la hati. Lugha ya Kisindhi ilikuwa ikiandikwa kwa namna nyingi, na Waingereza walibishana: wengine walitaka hati ya Kihindi ya Devanagari, wengine hati ya Kiarabu. Mwaka 1853, katika utawala wa Frere, ikakamilishwa hati ya Kiarabu yenye herufi 52, na ndiyo hiyo Wasindhi Waislamu wanayoitumia mpaka leo kwa vitabu, magazeti na tafsiri za Qur'ani. Sasa linganisha na sisi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Bibi zetu waliandika tenzi na barua kwa hati hiyo. Katika miaka hiyo hiyo ya kina Frere, wamishonari wa Unguja, Askofu Steere akiwa mbele yao, walikuwa wanachapisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na shule za wakoloni baadaye zikafuata njia hiyo. Ufalme ni ule ule. Kule wakaihifadhi hati, huku ikafa mikononi mwetu, leo kijana anapewa barua ya babu yake na hawezi kuisoma. Hilo ni somo la siku nyingine, tuendelee.

Mwaka 1862 Frere akawa Gavana wa Bombay. Ndio wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani. Pamba ya Marekani ilikatika, viwanda vya Uingereza vikaitaka pamba ya India kwa bei yoyote, na fedha zikamiminika Bombay kama mvua ya masika. Frere alibomoa kuta za ngome ya zamani ili mji upanuke. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, na Benki ya Bombay ikafilisika kwa mikopo ya hovyo. Frere alilaumiwa kwa kutoisimamia vizuri.

Bombay ndipo anapoanza kukutana na pwani yetu. Mji ule ulikuwa umejaa watu wa Zanzibar, Maskati na Kachi. Seyyid Barghash mwenyewe alikuwa amehamishiwa huko baada ya kujaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid, mwaka 1859, kabla Frere hajawa gavana. Na huko huko manowari za Waingereza zilikuwa zikiwashusha Waafrika waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa baharini. Wengine wakapelekwa shule ya misheni karibu na Nasik. Mwaka 1865 Dakta Livingstone alipita Bombay akipokelewa na Frere, na mwaka uliofuata akaja Unguja na meli iitwayo Thule, zawadi ya serikali ya Bombay kwa Seyyid Majid. Urafiki ulianza kwa zawadi. Utaona ulivyoendelea.

Sasa tufike kwenye kiini.

Waingereza walikuwa wameshafunga mikataba miwili na Seyyid Said, baba yake Barghash: wa mwaka 1822, uliokataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na wa mwaka 1845, uliokataza kuwasafirisha kutoka Afrika Mashariki kwenda Arabuni. Ndani ya himaya yake mwenyewe, kutoka Kilwa hadi Unguja, Pemba hadi Lamu, biashara ilibaki halali. Kila mtumwa aliyepita forodhani alilipiwa ushuru, na mikataba haikuzuia magendo kwenda kaskazini. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza liliunda kamati kuchunguza. Mwaka huo huo Livingstone alikuwa Nyangwe, ndani kabisa ya Kongo ya leo, akashuhudia watu wa misafara ya pwani wakiwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Waliuawa mamia, na wengi walizama mtoni wakikimbia. Barua zake zilifika Uingereza mwaka 1872 kwa mkono wa Stanley, na wananchi wakapandwa na hasira.

Narudia: watu wa misafara ya pwani. Walikuwa wakifunga Ramadhani, majina yao ni majina yetu. Nikisoma habari ya Nyangwe siwezi kusema ni uongo wa wamishonari, kwa sababu hata wafanyabiashara wenyewe hawakuikana njia yao ya kupata watu.

Serikali ya London ikamchagua Frere. Alifika Unguja mwezi wa Januari 1873 akiwa na ujumbe mzima: maafisa wa kijeshi, Kanali Lewis Pelly aliyekuwa mwakilishi wa Waingereza katika Ghuba, na Padri George Percy Badger, mkalimani wa Kiarabu. Huyu Badger alikuwa mwanachuoni hasa. Miaka miwili tu nyuma alikuwa amechapisha tafsiri ya historia ya Maimamu wa Oman ya Salil bin Raziq. Waliijua nasaba ya Barghash, ugomvi wa ndugu zake na deni lake kwa Maskati kuliko wengi wa washauri wake walivyoijua London.

Hilo deni nalo liseme. Baada ya Seyyid Said kufariki mwaka 1856, wanawe waligombana, Thuwaini Maskati na Majid Unguja. Wakapeleka kesi kwa Waingereza waamue. Mwaka 1861 Waingereza wakahukumu: dola igawanywe, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Ndugu wawili Waislamu walishindwa kukaa chini ya mwembe wakasuluhishana, wakamwita mgeni agawe urithi. Aliyegawa urithi akajipatia ufunguo wa nyumba.

Na Barghash, wakati ujumbe unamfikia, alikuwa katika hali mbaya. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja, ambacho mfano wake haukuwa umeonekana na waliokuwa hai. Minazi ililala chini, mikarafuu iling'oka shamba baada ya shamba, meli za Sultani zilipasuka bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, lakini Unguja mashamba yalihitaji kupandwa upya, na kwa fikra za wenye mashamba kupanda upya ni kununua watu zaidi. Ndipo anakuja mjumbe kusema funga soko.

Barghash alikataa. Hakukataa kwa ujeuri. Alieleza kwamba nchi imeharibiwa na kimbunga, kwamba wakubwa wa Kiarabu hawatakubali, kwamba akitia saini atapoteza kiti na asipotia saini ataangamizwa na Waingereza. Alikuwa na matumaini kidogo kwa Wafaransa, na hayakuzaa kitu. Frere alikaa wiki kadhaa, akashuka pwani ya bara, akachunguza Kilwa na kwingineko. Aliandika jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja: kwamba fedha za biashara yote hii, pamoja na watumwa, zilitoka mikononi mwa wafanyabiashara Wahindi, Mabaniani na Makhoja na Mabohora, na wengi wao walikuwa raia wa Kiingereza. Ukusanyaji wa ushuru wa forodha wenyewe ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji wa Kachi. Kwa hiyo Uingereza ilikuja kumshitaki Barghash kwa biashara ambayo mtaji wake ulikuwa unalindwa na bendera ya Uingereza.

Aliposhindwa, Frere alivuka mipaka ya kazi aliyopewa. Kabla ya kuondoka pwani yetu, mwezi wa Machi, alitoa amri kwa mamlaka yake mwenyewe kwamba manowari zizuie usafirishaji wa watumwa hata ule ambao mkataba wa 1845 uliuruhusu. Mawakili wa serikali yake wenyewe London walitikisa vichwa: mkataba bado una nguvu, unawezaje kuuvunja bila kumwambia mwenzako? Suratul Maida hiyo hiyo inaanza kwa amri ya kutekeleza mikataba. Frere hakuwa Muislamu, lakini alikuwa anatoka katika taifa lililosema limekuja kutufundisha sheria. Serikali ikaona haya kumkana, ikachagua kumfuata. Yeye akaenda Maskati, na mwezi wa Aprili Sultani Turki bin Said akatia saini bila vurugu. Nchi yake maskini iliihitaji ile fedha ya kila mwaka, ambayo sasa ililindwa na Waingereza.

Kumalizia kazi kuliachwa kwa balozi mdogo John Kirk, aliyeijua Unguja kwa miaka. Aliletewa amri: Barghash atie saini, la sivyo kisiwa kizingirwe na manowari. Barghash akaomba aende mwenyewe London kujitetea. Akaambiwa safari haitaondoa mzingiro. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na kabla ya mwaka kwisha misheni ya Kianglikana ikaweka jiwe la msingi la kanisa lake kubwa mahali pale pale. Kila anayetembelea Mji Mkongwe leo hupelekwa kuliona.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu swali langu kwenu si Frere alifanya nini. Swali ni kwa nini tulimngoja.

Qur'ani ilipomtaja mtumwa ilimtaja akielekea kwenye uhuru. Suratul Balad inauhesabu ukombozi wa shingo kuwa ni ule mlima mgumu wa kupanda. Suratut Tawba inaweka fungu la zaka kwa ajili yao. Kafara ya kuua kwa makosa inaanza na kuachia huru, na katika kafara ya kiapo kuachia huru ni moja ya njia zake. Na katika Sahihi Bukhari, kwa riwaya ya Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) anatueleza kutoka kwa Mola wake watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sasa jiulize: yule mtoto wa Kiyao au wa Kimakua au wa Kinyasa aliyenyakuliwa kijijini usiku, alikuwa mateka wa vita gani vya kisharia? Nani alitangaza? Imamu yupi? Alikuwa mtu huru aliyeibiwa, na waliomuuza Kilwa walimuuza mtu huru.

Na usiniambie kwamba hayo ni mawazo ya leo. Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala mwaka 1615 juu ya suala hili hili, akakataa kwamba weusi wa ngozi ni sababu ya mtu kufanywa mtumwa. Na Tunis, Ahmad Bey, mtawala Muislamu, alipiga marufuku utumwa wenyewe mwaka 1846, akiungwa mkono na mamufti wa Hanafi na Maliki. Hoja yake ilikuwa ya kisharia: kuna shaka kubwa juu ya namna watu hawa wanavyopatikana, na wenye kuwamiliki hawatimizi haki zao. Mwaka 1846! Ufaransa yenyewe ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848. Kwa hiyo hoja ilikuwepo ndani ya vitabu vyetu, na mfano ulikuwepo ndani ya umma wetu, miaka 27 kabla ya Frere kushuka Forodhani. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, wanachuoni wazito. Wapo waliowaachia huru watu wao wakitafuta radhi za Allah, na hilo lilikuwa jambo la kawaida, Alhamdulillah. Lakini soko lilibaki wazi mpaka meli ya kigeni ilipolielekezea mzinga. Na mtu akilazimishwa na mgeni kufanya wema ambao dini yake ilishamwelekeza, mgeni ndiye atakayeandika historia na kujipa sifa.

Basi je, Frere alikuwa na nia safi? Kuhusu utumwa, naona aliuchukia kweli. Alishauri watu waliookolewa wapewe mahali pa kuishi, na kwa pendekezo lake wamishonari wa CMS wakaanzisha makazi Mombasa mwaka 1875, ndiyo hiyo Freretown, wakawaleta na wale wa Nasik waliolelewa India. Lakini tumfuate mtu huyu mpaka mwisho wa kazi yake, maana huko ndiko sura nyingine inaonekana.

Mwaka 1877 alipelekwa Cape Town kuwa gavana na Kamishna Mkuu wa Afrika Kusini. Kazi yake ilikuwa kuunganisha makoloni yote ya kusini yawe dola moja chini ya Uingereza. Mapema mwaka 1878 alilifukuza baraza la mawaziri la Cape lililochaguliwa, kwa kuwa lilimpinga. Kisha akaona kizuizi kikubwa zaidi: ufalme wa Wazulu chini ya mfalme Cetshwayo.

Palikuwa na mgogoro wa ardhi kati ya Wazulu na Makaburu. Waingereza waliunda tume, na tume ikachunguza kwa haki, ikaona kwamba sehemu kubwa ya madai ya Wazulu ni ya kweli. Frere aliipokea ripoti hiyo mwaka 1878 akaikalia kwa miezi. Aliitoa tarehe 11 Desemba, kando ya mto Tugela, kwa wajumbe wa Cetshwayo, lakini akaifungasha pamoja na onyo la mwisho: mfalme avunje mfumo wake wote wa jeshi, akubali mwakilishi wa Kiingereza, na mengine, ndani ya siku 30. Hakuna mfalme ambaye angeweza kutimiza hayo akabaki mfalme, na Frere alijua. London ilikuwa imemwandikia kwamba haitaki vita. Waya wa telegrafu kutoka Uingereza haukuwa umefika Afrika Kusini, barua zilichukua wiki nyingi, naye akautumia huo mwanya.

Unaiona njia? Onyo lile la Tugela linafanana na amri ile ya Machi 1873 pwani kwetu. Kuvuka mipaka, kisha kuiachia serikali ichague kati ya kumkana na kumfuata. Mara ya kwanza kisingizio kilikuwa chema, kwa hiyo kila mtu akanyamaza. Mara ya pili hapakuwa na watumwa wa kuokoa.

Vita vilianza tarehe 11 Januari 1879. Tarehe 22 Wazulu waliikuta kambi ya Waingereza Isandlwana, wakaimaliza. Zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa, Waafrika waliokodiwa wakiwemo, na Wazulu kwa mamia wengi pia. Baada ya hapo ikaletwa nguvu kubwa zaidi. Mwezi wa Julai Ulundi ikachomwa, Agosti Cetshwayo akakamatwa akapelekwa kufungwa Cape Town, na nchi yake ikakatwa vipande 13. Frere alikaripiwa na serikali yake, na mwaka 1880 akaitwa kurudi. Alifariki mwaka 1884, akiwa bado anaandika kujitetea. Alizikwa katika kanisa la St Paul's, London, kwa heshima zote.

Na watu waliokombolewa kwa jina lake? Biashara ya bahari ilipobanwa baada ya 1873, misafara iligeuka ikapita nchi kavu, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, na wengi wakafa njiani kwa kutembea. Barghash akalazimika kutoa tangazo jingine mwaka 1876 kuipiga marufuku njia hiyo. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, na pwani ya Kenya mpaka 1907, wakati Waingereza ndio wenye amri. Walipokuwa wao serikali, hawakuwa na haraka tena.

Wapo wengine ambao ningependa mwafahamu. Mwezi wa Agosti 1873, miezi miwili tu baada ya saini ya Barghash, manowari ilishusha Durban zaidi ya watu mia moja waliookolewa kwenye majahazi. Wengine walifuata mpaka 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, na kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa Wazanzibari. Serikali ya Natal ilikuwa na shida ya wafanyakazi, ikawapa "uhuru" wenye mkataba wa kufanya kazi miaka mitano kwa bwana waliyepangiwa. Wakati Frere anaandaa vita vyake na Wazulu, watu hawa walikuwa humo humo Natal, wakilima na kupika na kubeba.

Wengi wao walikuwa Waislamu, au wakasilimu huko. Mikataba ilipokwisha wakakusanyika kwenye kilima cha Bluff, mahali paitwapo Kings Rest, juu ya ardhi iliyowekwa kwa ajili yao na wadhamini wa msikiti wa Grey Street wa Durban, Waislamu wenye asili ya India. Wakajenga msikiti wao na madrasa, wakazika wafu wao kwa Kiislamu, wakaendelea kusema Kimakua. Kizazi kikapita na kingine. Serikali ya ubaguzi ilipokuja ikashindwa kuwaweka katika daftari lake: weusi lakini si Wazulu, Waislamu lakini si Wahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawaandika kuwa ni "Waasia wengine", ikawang'oa Kings Rest na kuwahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi.

Wako huko mpaka leo, wanaswali, na bado wanaitwa Wazanzibari.

Wallahu aalam.